Globu Zilizotekwa Nyahanga

Siku ya mwisho kazini nilikabidhi ngazi, mkanda na koleo, ila testa yangu yenye mpini wa njano niliitia mfukoni na hakuna aliyeniuliza. Haiwaki tena, mpini wenyewe una ufa, na mke wangu ameshaikuta mara kadhaa kwenye vijiko akanung'unika. Nitabaki nayo. Ninyi vijana mliobaki kituoni mmeniomba niwaandikie mambo ya zamani, nami naandika, lakini anayetafuta humu habari za vyeo na mishahara atachoka bure. Vyeo nilivyopata vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na kiti kibovu kuliko cha kabla yake. Ninachotaka mkijue ni jinsi mtaa mzima wa Nyahanga ulivyobakia kidogo tu urudishwe kwenye koroboi, na jinsi tulivyoushinda moto kabla haujawaka.

Nilianza kazi miaka ya sitini, kwenye karakana ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Nilikuwa kijana kutoka Ushirombo niliyejua kuchunga ng'ombe, kuchuma pamba na kuimba misa ya Kilatini bila kuelewa hata neno. Nilipelekwa kwa Mzee Pazi, fundi mkuu wa umeme, Mzaramo wa Kisarawe. Alikuwa mfupi, mwembamba, na kofia yake ya kiua haikutoka kichwani hata akiwa juu ya nguzo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Msukuma wewe?”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi nimekwisha. Nimeomba msaidizi, wameniletea mtani.”

Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za wapagazi, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele ya watoto wako, akamkamata kuku wako na kumla, na ukikasirika aibu ni yako wewe. Mimi hayo nilikuwa nimeyasikia tu. Kwa Mzee Pazi niliyaonja kila siku, asubuhi na jioni.

Siku ile ya kwanza hakunipa bisibisi wala waya. Alinikalisha kwenye kigoda mbele ya boksi la fyuzi akaniambia nifumbe macho. Halafu akaniletea puani kipande cha waya mzima, kisha kipande kilichopata moto kidogo, kisha kilichoungua. Alirudia mpaka nikaweza kuvitofautisha. Mafundi wengine walipita wakicheka. Nilijisikia mjinga sana, na nilimkasirikia kimoyomoyo.

“Moto wa umeme unatoa harufu kabla ya kutoa mwanga,” alisema. “Ukiuona, umechelewa. Pua kubwa hiyo Mungu kakupa ya nini, mtani, kama si kazi hii?”

Sikuwahi kufundishwa jambo lenye manufaa kuliko hilo, na nimefundishwa na watu wenye vyeti vikubwa, wengine wazuri sana.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya waya wa baruti. Mgodini palikuwa na waya mwembamba wenye rangi za kupendeza, nyekundu, njano na buluu, uliotumika kulipulia mawe. Mabaki yake yalizagaa kila mahali. Akina mama walisukia vikapu, vijana walitengenezea bangili za wachumba, na hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuja pale mpiga gitaa mmoja wa kota za wafanyakazi alipoutumia kuvuta umeme kutoka kwenye holda ya taa hadi kwenye pasi, anyooshe suti yake ya harusi. Waya ule umetengenezwa kubeba umeme kwa kufumba na kufumbua, basi. Pasi inakula umeme mwingi tena kwa muda mrefu. Plastiki ikaanza kudondoka matone, pazia likashika, na suti ikabaki kola tu.

Bwana harusi alipouliza waya wake una kasoro gani, Mzee Pazi alimtazama kwa huruma.

“Hauna kasoro. Kazi yake ni kulipua, na umelipua.”

Kisha akavua koti lake la sikukuu akamwazima. Koti lilikuwa fupi mikononi na bwana harusi alifunga ndoa akiwa ameficha mikono nyuma, lakini alifunga. Huo ndio ulikuwa mtindo wa mzee. Anakusema, halafu anakusaidia, na maneno utayakumbuka kwa sababu ya msaada.

Mgodi ulipofungwa tuliachana na Geita. Miaka ya sabini ilitukuta sote wawili Kahama, tukihudumia mashine ya dizeli iliyoupa mji umeme. Iliunguruma mchana na usiku isipokuwa dizeli ilipochelewa, na ilichelewa mara nyingi kuliko tulivyokiri. Nyahanga ulikuwa mtaa wa nyumba za tofali mbichi na mabati. Tuliwafungia umeme wenyeji waliokuwa wamezoea koroboi, na nafurahi mpaka leo nikikumbuka nyuso zao taa zilipowaka. Hapo hapo nikapata mke, Doto, binti wa Mama Kulwa. Kulwa ni pacha wake, kaka aliyetangulia kuzaliwa.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mkulima wa pamba, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Sebuleni kwake ndiko lilikokuwa darasa la kisomo cha watu wazima. Jioni wanawake na wazee walikaa kwenye mikeka chini ya taa, wakifuatisha herufi ubaoni. Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi, na mbishi kuliko wote. Alishaweza kusoma maneno mafupi, na alikuwa akiyasoma kwa kelele, kama anayegombana nayo. Katika maisha yake hakuna kitu alichokipenda kuliko ile saa ya jioni chini ya taa ile, na hakuona haya kulisema.

Sasa sikilizeni jinsi moto ulivyotufikia. Pamba ikishachumwa husubiri soko lifunguliwe, na soko likifunguliwa husubiri gari la ushirika. Nje kuna mvua, wezi na mbuzi. Kwa hiyo watu waliihifadhi ndani ya nyumba, chumbani, na rundo lilipanda siku hadi siku mpaka karibu na dari. Na watu waliozoea koroboi walipenda taa iwe karibu na uso, wakatuomba tuwashushie nyaya. Taa ikaning'inia chini, pamba ikapanda juu, na siku moja vikakutana. Juu ya hayo, panya hupenda kuzalia kwenye pamba, na wenye pamba waligundua kwamba panya hapendi taa. Basi wakaiacha globu ikiwaka mchana kutwa, imezama kwenye pamba kama yai kwenye kiota.

Pamba haiwaki kwa haraka hivyo. Inaungua ndani kwa ndani, taratibu, bila mwali, na unaweza kulala karibu yake ukidhani ni harufu ya jikoni kwa jirani. Msimu mmoja nyumba mbili ziliungua hivyo. Ya pili ilikuwa ya Mzee Masanja, jirani wa Mama Kulwa. Yowe lilipigwa, watu wakaja na ndoo, wakamwaga maji, wakashangilia, wakaenda kula. Kesho yake mchana moto ukatokea upya katikati ya rundo na kuichukua nyumba nzima. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, ila Mzee Masanja alikaa kwenye jiwe akitazama mabati yaliyojikunja. Niliumia sana. Taa ile niliifunga mimi, na niliifunga vizuri.

Msimamizi wetu wa kituo, Bwana Ambwene, alikuwa Mnyakyusa mpole na mwenye akili. Wakubwa zake walimtaka akate umeme Nyahanga mara moja. Yeye alibishana nao akapata muda, kisha akaita mkutano wa mtaa.

“Nimewaombea msimu mmoja,” alisema. “Pamba ikija tena, ikatoka yote bila nyumba kuungua, taa zenu zinabaki. Ikiungua hata moja, nakata mtaa mzima, na mimi mwenyewe nitakuwa nimekosa la kuwatetea.”

Mama Kulwa alisimama. “Na kisomo?”

“Na kisomo pia, mama. Mtasoma kwa koroboi.”

“Kwa koroboi macho yangu hayaoni herufi,” alisema, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kwa sauti ndogo.

Msimu ulipofika tulifanya yote mliyofundishwa ninyi chuoni. Tulihutubia, na watu walikubali kila neno, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani kuwasha globu zao. Tulipandisha nyaya juu, wao wakaona nafasi imepatikana, wakaongeza pamba. Tulikataza pamba chumbani, wakauliza waiweke wapi, na nje mvua na wezi walikuwa pale pale. Kukagua ndio kulitushinda kabisa. Chumba cha kulala cha mtu si mahali pa fundi kuingia na ngazi. Ungebisha hodi, wangekukaribisha sebuleni, wangekupa uji, wangekusindikiza hadi njia panda, na pamba usingeiona.

Nami nilikuwa na tatizo langu binafsi. Doto alikwenda kwa mama yake, akarudi amefadhaika. Chumba cha pamba hakina dirisha, taa inawaka tangu asubuhi, na globu haionekani, imezikwa. Alimsihi mama yake aizime. Jibu alilopewa alinifikishia kama lilivyo: “Umeme ni wa mume wako, lakini panya ni wangu. Mwambieni fundi aje awafukuze mwenyewe, nitazima.”

Alijua vizuri siwezi. Kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe wake. Hali naye sahani moja, hampi kitu mkono kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja atatafuta kichaka cha kutazama. Tangu nimwoe binti yake, Mama Kulwa hakuwa amenisemesha moja kwa moja hata siku moja. Alisema na mtu mwingine, au na kuku, au na ukuta, nami nikasikia. Ningemshtaki kwa Bwana Ambwene, mtaa ungekatwa. Ningenyamaza, ungeungua. Nilikosa usingizi, na chakula kikanishinda, jambo ambalo Doto hakuwahi kuliona.

Nilimweleza Mzee Pazi tukiwa tunasafisha mashine. Alisikiliza huku akipangusa mikono.

“Wewe ni mkwe, huwezi kuingia,” alisema mwishowe. “Ambwene ni mkubwa, watamficha. Jirani akisema wataona anawaonea wivu. Nani anaweza kuingia chumbani kwa Msukuma bila hodi, akachukua kitu, na asipigwe?”

Nilimtazama. Alikuwa ameshaanza kuvaa kofia yake vizuri.

Mchana ule nilisimama nje ya ua wa Mama Kulwa, kwa adabu, nimegeukia barabarani. Mengine niliyasikia na mengine alinisimulia Doto aliyekuwa ndani.

“Wasukuma wa nyumba hii!” mzee alipaza sauti. “Mtani wenu nina njaa, nimekuja kuiba!”

“Bebe, wewe Mzaramo, huna kazi?” alijibu Mama Kulwa, ambaye tayari alikuwa anacheka.

Hakusimama sebuleni. Alipita moja kwa moja hadi chumbani, akazima swichi, akavua viatu, akaupanda mlima wa pamba. Alizama hadi kiunoni. Mama Kulwa alimfuata na mwiko wa ugali.

“Toka kwenye pamba yangu, mwizi wee! Doto, lete panga!”

“Lete na chumvi, atakayenila asinile chapwa!”

Alifukua kwa mikono mpaka akaifikia globu, akaishika kwa kofia yake kwa sababu ilikuwa na moto, akaisukuma, akaizungusha, ikatoka. Watu walikuwa wamejaa uani wakivunjika mbavu. Alipojitokeza mlangoni alikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi magotini, na mtoto mmoja alianza kulia.

Hapo akafanya jambo ambalo Doto hakulisahau. Alikaa kwenye kigoda, akaacha kucheka.

“Mama Kulwa, kaa hapa. Hili si la utani.”

Alimwonyesha globu. Nyuzi za pamba zilikuwa zimeng'ang'ania kioo, na zilikuwa za kahawia, mahali pengine nyeusi.

“Nusa.”

Alinusa. Alirudia kunusa. Kisha akageuka kuutazama ukuta wa Mzee Masanja, uliobaki umesimama peke yake ng'ambo ya ua. Mwiko ukashuka taratibu.

“Ilikuwa leo?” aliuliza.

“Leo au kesho. Mimi sipigi ramli.”

Halafu mzee akasimama, akajikung'uta, na utani ukarudi.

“Sasa hii nimeiteka! Itakaa kwangu mpaka pamba yote itoke humu, na siku hiyo inakombolewa kwa jogoo. Jogoo mnene, si yule mgonjwa wenu anayekohoa!”

“Na panya wangu?”

“Panya nakuletea dawa.” Jioni alimpelekea paka mwenye jicho moja, mkorofi kupindukia. Mama Kulwa akampa jina la Mzaramo.

Kuanzia siku ile mzee alipita nyumba hadi nyumba baada ya kazi, na mimi nyuma yake kama mbeba mizigo. Wengi walikuwa watani zake, na wasiokuwa watani waliona haya kukasirika peke yao. Habari zilipaa. Watoto wakimwona tu kona ya mtaa walipiga kelele, “Mzaramo anakuja!” na ndani ungesikia vishindo vya watu wakipanda juu ya pamba. Walikuwa wanachomoa globu wenyewe, wazifiche kwenye mitungi ya unga, chini ya vitanda, kwenye mifuko ya makoti, ili asizione akadai jogoo.

Mzee aliingia, akatazama holda tupu, akajishika kichwa. “Nimeshindwa! Wasukuma wajanja nyie, mnaniua na njaa!” Wenye nyumba walimcheka mpaka wakatoa machozi. Walidhani wamemkomoa. Yeye akitoka nje alinikonyeza tu, maana globu iliyofichwa kwenye unga haiunguzi pamba.

Kazi yangu ilikuwa kufuatia nyuma, kwa sababu holda tupu nayo inauma. Nilitenganisha nyaya kwenye swichi na kuzifunga ncha kwa utepe, ili mkono wa mtoto usipate shoti. Kwa mama mkwe nilimwelekeza Kulwa kutoka uani, kwa sauti, na Kulwa akaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mafundi wawili ninaowajua na ambao sitawataja. Darasa la sebuleni liliendelea, kwani hapo pamba haikuwapo na taa ilikuwa juu.

Bwana Ambwene alipokuja kukagua alifika kwa Mama Kulwa. Mwenyewe alimfungulia mlango wa chumba cha pamba kwa maringo.

“Mbona giza? Taa iko wapi?”

“Imetekwa.”

“Imetekwa na nani?”

“Na Mzaramo wako. Na mwambie jogoo wake ananenepa.”

Bwana Ambwene aliandamana nasi hadi kituoni. Ofisini alifunga mlango, akacheka mpaka akavua miwani. Aliniambia wakubwa wake watataka maelezo ya mbinu zilizotumika, naye hajui ataanzia wapi.

Tulikaribia kumaliza msimu salama, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Jioni moja, jua likiwa bado juu ya mabati, yowe lilipigwa upande wa Mama Kulwa. Moshi mzito ulikuwa ukitoka nyuma ya nyumba. Nilikimbia na koleo mkononi, nikamwona Mzee Pazi naye anakuja, kofia ameishika. Nilifika mlangoni. Ndani ni kwa mama mkwe wangu. Niliwaza taa za mtaa mzima, nikamwaza Doto aliyekuwa amekwenda kumsaidia, nikaona adabu itanisamehe. Niliinua mguu kuvuka kizingiti.

“Mwambieni fundi arudi nyuma!” sauti ilitoka jikoni. “Ni maharage! Yameungua maharage!”

Nilirudi nyuma. Watu waliobaki na ndoo zao mikononi walianza kucheka, na mimi nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mzee Pazi alinusa hewa, akanigonga begani. “Maharage na kitunguu,” alisema. “Pua yako iliyofundishwa na mimi, umeiacha wapi?”

Gari la ushirika likaja. Likapakia, likarudi, likapakia tena, hadi chumba cha mwisho kikabaki na paka tu. Haikuungua hata nyumba moja. Siku hiyo jioni Mzee Pazi alitokea kona ya mtaa amebeba tenga la globu, amezipanga kwenye pamba aliyoomba kila nyumba, na nyuma yake watoto wanaimba. Tulizirudisha moja moja, waya ukiwa umepandishwa hadi karibu na kenchi za paa. Kila taa ilipowaka shangwe ilipigwa. Aliyedaiwa jogoo alitoa jogoo, aliyeficha globu yake kwenye unga alijitangaza kwa fahari kwamba yeye hakutekwa, na mtaa wote ukawaka ukachekelea. Sijawahi kujivunia kazi yangu kama jioni ile.

Bwana Ambwene alisimama katikati ya barabara. “Sikati kitu,” alitangaza. “Nataka kujua nyumba zipi bado hazina taa, tuwafungie.”

Sebuleni kwa Mama Kulwa mwalimu wa kisomo aliandika ubaoni sentensi mpya. Nje tulikuwa tumejaa dirishani. Mama Kulwa alisimama mbele ya ubao, akaweka kidole, akaanza kugombana nayo: “Ta-a... i-ko... ju-u. Pa-mba... i-ko... chi-ni.” Akageuka, uso unang'aa. “Taa iko juu! Pamba iko chini! Nimesoma!” Vigelegele vilipigwa hadi mashine ya dizeli haikusikika.

Misimu iliyofuata haikuhitaji mtu kutekwa. Pamba ikianza kuingia ndani, watu walichomoa globu wenyewe na kumpelekea mzee salamu kwamba wamemnyima jogoo. Ukawa mchezo wa mtaa.

Miaka ya themanini nilihamishiwa upande wa Geita tena, na nilipita sana Katoro, ambako wafanyabiashara walikuwa wameanza kununua jenereta. Huko nikaukuta waya wa baruti, mwekundu, njano na buluu, umetandazwa kwenye vyumba vya wachimbaji kama mapambo ya harusi. Mimi sikuwa mtani wa kila mtu. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kuuliza, kabla ya kutoa bisibisi: humu ndani nani anaweza kuingia, na nani akisema atasikilizwa? Kwa wengine alikuwa shangazi, kwa wengine katekista, kwa wengine imamu, na kwa wachimbaji mara nyingi mama aliyewapikia, aliyeweza kumnyima mtu ugali mpaka ang'oe waya wake. Tuling'oa mafungu na mafungu ya waya ule. Akina mama wakasukia vikapu. Nilinunua kimoja, na ndicho Doto anachowekea vitunguu.

Mzee Pazi alikwisha kustaafu, akabaki Nyahanga kwa hiari yake. Alisema pwani kuna joto na watu hawana utani. Alifariki mimi nikiwa nakaribia mwisho wa kazi. Nilipopata habari nilisafiri siku hiyo hiyo, na nilikuta watu wamejaa uani kwake, Waislamu na Wakristo, na wote niliowafungia taa.

Mazishi yalipokwisha na jua likiwa linashuka, watani walianza kazi yao kama desturi inavyotaka. Mmoja alivaa kofia ya marehemu akawa anatuagiza kunusa waya. Kisha Mama Kulwa akaingia sebuleni kwa marehemu, mzee sasa, anatembelea mkongojo. Aliomba kigoda. Doto alimshika kiuno. Kabla ya kunyoosha mkono alipaza ile sauti yake: “Zimeni kwanza!”

Wakazima. Akaichomoa globu ya sebuleni, akaifunga kwenye pindo la kanga.

“Nimeiteka! Mzaramo mwizi wee, njoo uikomboe!”

Wanawake waliokuwa wakilia walicheka huku wanalia. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu sebule ilikuwa inaingia giza na wa kukomboa hakuwepo.

“Mwambieni mkwe wangu,” alisema Mama Kulwa, akiutazama ukuta. “Mzee huyu amemwacha yeye mahali pake. Akomboe yeye.”

Kulwa alinikimbilia jogoo kwa jirani. Mama Kulwa aliiweka globu juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua, ili isitoke mkononi mwake kuja mkononi mwangu. Niliiokota. Niliinusa, kwa mazoea. Ilikuwa safi kabisa. Nikapanda, nikaisukuma, nikaizungusha, nikasema wawashe, na taa ikawaka juu ya watu wote waliokaa kwenye mikeka, nami machozi yakinitoka bila kujificha.

Mama Kulwa aliinua macho, akaitazama taa, akanitazama mimi usoni. Hakumtuma Doto, wala hakusema na ukuta.

“Juu kidogo, fundi,” aliniambia.

Nikaupandisha waya.